Je, baridi yabisi ya mama imo katika damu yangu?

SWALI: Daktari, mama yangu, ninayeishi naye hapa Njoro, huamka vidole vimekakamaa, na mpaka saa tatu asubuhi hawezi kufunga vifungo vya sweta wala kushika mwiko. Hospitalini aliambiwa ni baridi yabisi ya aina ya rumatoidi. Majirani wanalaumu baridi ya huku na maji ya kufulia alfajiri, lakini mdogo wake aliyeolewa Kisumu, kwenye joto la ziwa, anaugua vivyo hivyo. Mimi nina miaka 29 na siumwi popote. Je, nimeurithi? Maabara moja inanihimiza nilipie kipimo cha jeni.
Binti wa Njoro

JIBU: Binti yangu, mama yako mdogo wa Kisumu amekwisha kulijibu nusu ya swali lako. Baridi huweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini haiuanzishi ugonjwa huu, ambao hutokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa ndani ya viungo.

Katika ukoo hurithiwa mwelekeo wa kuupata. Jeni yenye uzito kuliko zote huitwa HLA-DRB1, nayo imo katika kromosomu ya 6. Jeni hiyo husaidia kuunda protini inayokaa juu ya baadhi ya seli mfano wa sinia, ikiandaa vipande vya protini nyingine mbele ya askari wa kinga ili waamue kama ni adui au la. Masinia haya yana maumbo mengi mno miongoni mwa watu. Mwaka 1987, mtafiti Peter Gregersen na wenzake walieleza kwamba maumbo kadhaa yanayohusiana na ugonjwa huu yana mfuatano unaokaribiana wa asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, katika nafasi ya 70 hadi 74, pale pale kipande kinapokamatwa. Sinia la namna hiyo hushika vizuri protini ambazo tofali lake moja, arijinini, limegeuzwa kuwa jingine liitwalo sitrulini, na askari wakishazihesabu kuwa adui, huanza kuzitengenezea kingamwili, yaani protini za kupambana na adui. Moshi wa sigara huchochea mageuzi hayo ndani ya mapafu, ndiyo maana mvutaji aliyerithi sinia hilo hujiongezea hatari maradufu na zaidi. Kama unavuta, hapo ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo, pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, hawaugui pamoja kila mara: katika uchunguzi uliofanywa Uingereza, mmoja alipougua, mwenzake naye aliugua katika takriban asilimia 15 tu ya jozi hizo. Mtoto wa mgonjwa ana hatari ya karibu mara 3 ya mtu mwingine, lakini kwa kuwa ugonjwa wenyewe huwapata watu wasiozidi 1 hivi katika kila 100, walio wengi katika hali yako hawataugua kamwe.

Kuhusu kipimo, fedha hizo zihifadhi. Wengi wana jeni hiyo na ni wazima, na wagonjwa wengine hawana. Tena sehemu kubwa ya utafiti imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya; aina moja ya jeni nyingine inayohusishwa na ugonjwa huu, PTPN22, inayotajwa sana huko, ni adimu mno kwa Waafrika, na kutoonekana kwake katika damu yako hakungekuambia lolote.

Badala yake, jichunguze mikono. Mtu akikubana taratibu kwenye mstari wa vifundo, pale vidole vinapoungana na kiganja, nawe ukasikia maumivu, au ukiona viungo vidogo vimevimba na ugumu wa asubuhi ukapita nusu saa, usingoje miezi. Mwone daktari, umweleze habari za mama na mdogo wake, naye ataagiza vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili nilizozitaja, kwa kuwa dawa zikianza mapema huokoa viungo ambavyo baadaye haviwezi kunyooshwa tena.