Mgeni huja kikaoni mara mbili, kisha haonekani

SWALI: Kikundi chetu cha kusaidiana kuacha pombe na dawa za kulevya hupata wageni karibu kila wiki. Tunawakaribisha kwa makofi, lakini wengi huja mara moja au mbili, basi. Tunakosea wapi?
Mwanakikundi

JIBU: Ndugu yetu, makofi hayana ubaya. Tazameni kikao kinapokwisha: wenyeji wanasimama wawili wawili kupiga soga, mgeni yuko mlangoni ameinamia simu, hajui aondoke au asubiri. Hapo ndipo mnapompoteza.

Kila kikao teueni mtu ambaye kazi yake ni mgeni tu. Akae naye, amwambie mapema kwamba halazimiki kusema lolote, na kabla hajatoka amwandikie namba tatu za simu za wenzake wa jinsia yake. (Sharti hili la jinsia lishikeni, wapo wanaowavizia wageni.) Muombeni na yake, apigiwe kesho yake asubuhi. Mtu aliyejaa aibu hapigi simu, hupigiwa. "Umelalaje? Jioni nikupitie twende wote?" yatosha.

Muulizeni pia anatumia nini na mara ya mwisho ilikuwa lini. Mnywaji mkubwa wa kila siku msimhimize aache ghafla. Kutetemeka na kutoka jasho kwa kawaida huanza ndani ya saa 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho, degedege huweza kumpata ndani ya saa 48, na kuweweseka akiona visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo inaua. Aliyewahi kupata degedege, au anayekunywa alfajiri ili mikono itulie, aanzie hospitali. Vivyo hivyo aliyezoea diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa muda mrefu.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Mara nyingi haiui yenyewe, ila kutapika na kuharisha humkausha mtu, kwa hiyo anywe maji ya chumvichumvi (ORS) wanayopewa wanaoharisha, funda moja moja. Hatari kubwa iko mbele. Akikaa wiki chache bila kutumia, mwili unapoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana tunawasihi msimwambie aliyeteleza "usirudi mpaka uache". Atajificha, atatumia peke yake, na hakutakuwa na wa kumwona akikoroma, midomo ikigeuka rangi, akiitwa haitiki. Mkimkuta hivyo, iteni msaada wa dharura, mpeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, kama ipo, mpulizieni pumzi mdomoni. Hata akizinduka msimwachie aende zake: naloksoni huweza kuisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, naye akazimika tena.

Na anayekunywa methadoni asiambiwe kwamba bado hajaacha. Ile ni dawa ya matibabu. Wapo wanaoikatisha kwa kuona haya mbele ya kikundi, kisha wanarudi kwenye heroini.

SWALI: Mwanangu ana wiki ya tatu tangu aache. Mchana yuko sawa, jioni anakuwa mkali na anataka kutoka. Nimfungie?
Mama

JIBU: Usimfungie, mama. Kiu ya kutumia hupanda kama wimbi, na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa asipoitii. Muulize kwanza: umekula? Umekasirishwa na nini? Una upweke? Umechoka? Jioni mara nyingi jibu ni mawili kwa pamoja, kwa kuwa usingizi wake bado haujakaa sawa na huenda usikae kwa wiki kadhaa. Mpe chakula kabla ya saa yake ngumu, si baada yake. Akishikilia kutoka, atoke na mtu, na asibebe fedha taslimu.