Kwa Nini Mwili Hauwaui Minyoo wa Kichocho?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka 11 alikuwa akitoa damu mwishoni mwa haja ndogo, na alipopimwa mkojo alikutwa na mayai ya kichocho. Daktari alisema huenda minyoo hao wamekaa mwilini mwake muda mrefu. Kinga ya mwili, ambayo huyamaliza mafua kwa siku chache, inawezaje kuwaacha minyoo wanaoonekana kwa macho waishi ndani ya damu? Na kwa nini ameambiwa arudi kumeza dawa tena?
Mama wa Kigogo, Dar es Salaam

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Kinga ya mwanao haijalala. Tatizo ni kwamba mnyoo huyu hajitokezi mbele yake kama mgeni.

Mara tu kiluwiluwi cha kichocho kinapopenya ngozi ya mtu aliyeingia katika maji yenye konokono wanaokibeba, hukata mkia na kuanza kubadili utando wake wa nje. Baada ya muda mfupi utando huo huwa umenasa molekuli za mwenyeji, zikiwemo zile zinazotambulisha kundi la damu la A au B, hivyo kingamwili (protini za kinga zinazowasaka wageni) zinazopita hapo hukuta alama za mwili wenyewe. Mwaka 1969 watafiti Smithers, Terry na Hockley walichukua minyoo waliokulia ndani ya panya na kuwahamishia kwenye nyani waliokwisha kuchanjwa dhidi ya chembe za panya: minyoo hao, kwa kuwa walikuwa wamejivika molekuli za panya, waliangamizwa, ilhali katika nyani wasiochanjwa waliendelea kuishi. Kwangu mimi, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo. Aidha, juu ya utando huo kuna vimeng'enya vinavyovunja ATP, molekuli ambayo seli zilizojeruhiwa huimwaga kama ishara ya hatari, pamoja na ADP, molekuli ya jamii hiyo ambayo huchochea damu kuganda. Ndiyo maana mnyoo anaweza kukaa miaka kadhaa katika vena zinazozunguka kibofu bila damu kuganda pembeni yake.

Hata hivyo, damu uliyoiona haitokani na minyoo wenyewe, bali na mayai yao. Yai lenye mwiba nchani hutoa protini zinazoziita seli za kinga zilizunguke, na inaonekana yai linauhitaji mwitikio huo ili lisukumwe kupita ukuta wa kibofu hadi kwenye mkojo. Panya wa maabara walioambukizwa kichocho cha tumbo huku kinga yao ikiwa imedhoofishwa walitoa mayai machache zaidi kinyesini. Mayai yanayokwama huachwa katikati ya uvimbe mdogo mdogo, na ukuta wa kibofu huendelea kuwa mgumu mwaka hadi mwaka, jambo ambalo kwa baadhi ya watu huishia kwenye saratani.

Dawa ya prazikwanteli hufungua njia inayoingiza kalsiamu katika seli za mnyoo; misuli yake hukakamaa, utando hupasuka, na protini zilizokuwa zimefichika hujitokeza, kisha kingamwili za mtoto mwenyewe husaidia kummaliza. Lakini minyoo wachanga, ambao bado hawajaanza kutaga, huivumilia dawa hii, nao hukomaa wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo mrudishe mwanao tarehe aliyopangiwa, hata kama mkojo umekuwa safi, na umwombe daktari aupime upya.