Kopo la biskuti la Mama

Dawa za mama yangu hukaa kwenye kopo la biskuti. Mwaka jana nilikwenda Tanga baada ya kusikia ameanguka usiku, nikalimwaga lote kitandani: aina 11. Boksi mbili zilikuwa dawa ileile ya presha kwa majina tofauti, moja ya zahanati, moja ya duka la dawa. Alizimeza zote kwa utiifu.

Kwa daktari peleka kopo lenyewe, usipeleke orodha. Kwenye orodha hakuna anayeandika vidonge vya jirani, wala diklofenaki, dawa ya maumivu, niliyomnunulia mimi kwa ajili ya magoti. Daktari alianza na hiyo: hupandisha presha, na kwa mzee anayemeza pia dawa ya kukojoza, huweza kuumiza figo. Nikatazama sakafu.

Kisha akatufumbulia ule muanguko. Amlodipini ya presha huweza kuvimbisha miguu. Ya Mama ilipovimba, mtu mwingine akampa dawa ya kukojoza. Akawa anaimeza jioni, usiku anaamka mara nne kwenda chooni gizani. Tangu siku hiyo, mzee akianza tatizo jipya naulizia kwanza vidonge kabla sijausingizia umri.

Maana tuliusingizia sana. Alfajiri Mama alikuwa akiamka na jasho, maneno hayaeleweki, nasi tunasema uzee. Kumbe ni glibenklamaidi, dawa yake ya kisukari: hukaa mwilini muda mrefu, na anayekula kidogo huweza kushuka sukari vibaya. Ikabadilishwa. Daktari akasema kwa hali yake hatafuti sukari ya kijana. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikiwa chini ya asilimia 8 kinamtosha.

Ndipo akamgeukia: "Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nifike sokoni Ngamiani kwa miguu yangu. Na nisianguke."

Sisi watoto wake hatukuwahi kumuuliza.

Usirudi nyumbani ukaanza kutupa vidonge, lakini. Atenololi ya presha ikikatwa ghafla huweza kuushtua moyo, na diazepamu ya kutuliza iliyozoeleka hupunguzwa polepole. Anayeondoa ni daktari.

Siku hizi kopo lina aina 6, kila boksi nimeliandika kwa kalamu nene: ya nini, saa ngapi. Magoti bado yanamuuma. Siku mbaya anameza parasetamoli, na Ngamiani anafika.