Shetani wa Wayahudi na Shetani wetu

Mkuu umeuliza iweje Wayahudi wasimwone Shetani kama sisi Wakristo wakati Agano la Kale tunasoma lile lile. Anza na Ayubu 1 na 2, soma taratibu: Shetani anakuja mbele za Mungu na wale wana wa Mungu, anapewa ruhusa, anawekewa na mipaka, yani ni kama mwendesha mashtaka tu, sio mfalme wa upande wa pili. Yule nyoka wa Edeni kuwa ndo Shetani sisi tunaitoa Ufunuo 12:9, kitabu ambacho wao hawana. Uovu wao wanauona zaidi kwenye tamaa ya mtu mwenyewe, yetzer hara, na Talmud, mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi wao, inasema kabisa Shetani, hiyo tamaa na malaika wa mauti ni kitu kimoja. Ila Wayahudi nao wana mitazamo mingi, Kabbalah, yale mafundisho yao ya mafumbo, inaongelea nguvu za giza kwelikweli.