Vikwazo vikizidi, ina maana Mungu hajakutuma? (jibu refu, nivumilieni)

Bwana asifiwe, ndugu uliyeuliza. Kwa wanaoingia sasa, mambo ni haya: ndugu yetu anafanya kazi hotelini Diani, anaishi Likoni na mama yake. Kundi moja la wamisionari limemwalika aende Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka mzima, afundishe watoto na kusaidia kanisa changa, kwa posho ndogo. Moyo wake umekubali. Lakini mama amekataa, mkopo haujaisha, pasta wake anamwambia asubiri, na kuna nabii wa mtandaoni aliyemwambia njia yake imefungwa na roho za ukoo, apande mbegu, yaani atoe sadaka, ya shilingi elfu ishirini ifunguke. Anauliza: ni Mungu anakataa, au ni shetani anazuia?

Mimi si mchungaji. Najibu kwa niliyoyapitia hapa hapa Mombasa, na kwa Biblia ninayoisoma kama wewe.

Kwanza niseme wazi kwamba kikwazo peke yake hakisemi kitu. Na njia nyeupe vilevile haisemi kitu. Msome Yona. Alishuka Yafa akakuta merikebu ya Tarshishi iko tayari, nauli anayo, nafasi ipo, hata usingizi akaupata humo ndani. Mtu wa ushirika wetu angesimama kutoa ushuhuda: "Wapendwa, milango ilifunguka yenyewe!" Kumbe anamkimbia Mungu. Halafu msome Paulo. Katika Matendo 16 anataka kuhubiri Asia, anakatazwa. Anajaribu Bithinia, anakatazwa tena, na aliyemzuia ni Roho, si shetani. Lakini Paulo huyohuyo anawaandikia Wathesalonike kwamba alitaka kwenda kwao mara kadhaa, Shetani akamzuia. Mtu mmoja, vizuizi vya aina mbili, na hakuna mahali aliposema alitofautisha kwa kupima ugumu. Kwa hiyo ukikaa chini kuhesabu vikwazo vyako ili upate jibu, utahesabu hadi uchoke.

Sasa yangu. Nilikuwa kwenye uwakala wa forodha, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2018 treni za mizigo za SGR, ile reli mpya, zilipoanza kusomba makontena kuyapeleka Nairobi, kazi ikaanza kukonda. Mwaka uliofuata mji ulijaa maandamano ya kupinga mizigo kulazimishwa kwenda na reli, nadhani wengi mnakumbuka. Ofisi niliyokuwa ilipunguza watu, tuliobaki mshahara ukawa wa mafungu mafungu. Wakati huohuo nilikuwa nasukumwa moyoni kuhusu wafungwa. Kijana wa jirani alikuwa amewekwa rumande, nikamsindikiza mama yake kwenda kumwona, nikaona pale wanaume ambao hakuna mtu anayekuja kuwauliza. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Wapendwa wakanipa tafsiri haraka sana: "Umeona? Mungu amefunga mlango wa kazi ili akufungulie wa huduma. Acha kazi." Nilikataa tafsiri hiyo na mpaka leo naikataa. Mlango ule ulifungwa na reli. Mawakala wenzangu, Waislamu kwa Wakristo, wacha Mungu kwa walevi, walifungiwa mlango uleule. Je, wote waliitwa magerezani? Mungu anaweza kutumia jambo kama hilo, sikatai, lakini kulifanya ndilo sauti yake ni kumwekea maneno mdomoni.

Kilichonisaidia kilitoka kwa mke wangu, na wakati ule nilimhesabu yeye kuwa kikwazo namba moja. Usiku mmoja watoto wamelala, alichukua daftari la hesabu la kifungua mimba wetu, akaligeuza nyuma, akaandika: karo, kodi, chama, dawa za presha za mama, na lile deni nililomdhamini mwenzangu aliyefutwa kazi, ambalo sasa lilikuwa linakatwa kwangu. Upande wa pili akaandika pesa inayoingia. Akanisukumia kalamu.

"Baba Neema, weka hapo huduma yako, tuone itakaa wapi."

Nikamwambia jambo hili nimeliombea, hata kufunga nimefunga. Akanitazama.

"Vizuri. Mungu anayo namba yangu pia. Akikupigia wewe, na mimi atanipigia."

Nilitaka kukasirika lakini sikupata pa kukasirikia. Katika Matendo 16, baada ya Paulo kuona maono ya mtu wa Makedonia, aliyeona maono ni mmoja, ila sentensi inayofuata iko kwa wingi: walisadiki pamoja kwamba Mungu amewaita. Wenzake hawakuburutwa. Nikaacha kumwona mke wangu kama ukuta. Tulikubaliana kazi iendelee hata kama imekonda, deni la udhamini lilipwe kwanza, na Jumamosi iwe ya magereza. Hakuna aliyenipigia makofi kwa uamuzi huo. Watu wanapenda kusikia mtu ameacha vyote. Leo sabuni za vipande na ndara ninazopeleka kule ananunua yeye, tena ananikaripia nikisahau dawa ya meno.

Tangu hapo kikwazo huwa nakiuliza: wewe ni wa nani? Vyako nitavichukua hivyohivyo.

Mkopo ni wako. Si pepo, si ukoo, ni sahihi yako. Warumi 13 inasema msiwiwe na mtu cho chote isipokuwa kupendana. Ukienda Marsabit ukiwaacha wadhamini wako Likoni wanapigiwa simu na wakopeshaji, utakuwa umewatuma wao mahali ambapo Mungu hakuwatuma. Lipa, au kaa na waliokukopesha mpange upya kwa maandishi, na wadhamini wajue. Kulipa deni ni sehemu ya safari, wala usidhani umecheleweshwa. Na kama kuna ile mikopo ya simu, anza nayo, hiyo ndiyo inayokula mtu usiku.

Pasta wako kusema subiri, hilo linahitaji hekima kidogo. Wangu pia aliniambia hivyo. Ni mtu mwema, alizika baba yangu, sina neno naye. Lakini mimi ndiye niliyekuwa napiga kinanda, na Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi. Sisemi alikuwa mbinafsi. Nasema mshauri ambaye ukiondoka anapungukiwa, msikilize kwa heshima zote, kisha tafuta na mwingine ambaye ukienda hapati na ukibaki hapati. Mimi nilimpata mzee mmoja wa kanisa, mstaafu wa bandarini, hukaa chini ya mwarobaini baada ya ibada akingoja jua lipoe. Nilimweleza kwamba barua yangu ya kuomba kibali cha kuingia gerezani imekaa mezani kwa mtu, miezi inapita. Hakuniambia nikemee. Aliniuliza, "Ukinyimwa kibali, Jumamosi hiyo utafanya nini?" Nikasema nitangoja. Akasema, "Mbona wafungwa wana mama zao huku nje?"

Basi nikaanza na mama zao. Changamwe, Magongo, Mikindani, nyumba kwa nyumba, nikipelekwa na yule jirani yangu. Nikakuta mke anayemficha mtoto baba yuko wapi, nikakuta bibi anayetaka tu mtu amsomee barua ya mjukuu. Kibali kilipotoka, nilipoingia mle ndani sikuwa mgeni anayekuja na kipaza sauti. Nilikuwa na salamu za watu kwa majina yao. Ndugu, kama kweli ni Marsabit, Likoni kuna watoto wasioweza kusoma sasa hivi. Unajua kufundisha? Umewahi kukaa na watoto thelathini wenye njaa saa tisa alasiri? Anza Jumamosi hii uone kama moyo utabaki ulipo.

Nabii sitamchukulia muda mrefu. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alipewa maagizo wazi: usile mkate, usinywe maji, usirudi kwa njia uliyokuja nayo. Nabii mzee wa Betheli akamfuata, akamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, turudi ukale kwangu. Maandiko yanasema alimdanganya. Yule akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Kinachonitisha ni kwamba aliyedanganya alikuwa na cheo cha kweli. Sasa wewe umeambiwa njia imefungwa na anayeuza ufunguo ndiye aliyekuambia imefungwa. Elfu ishirini hiyo ipeleke kwenye mkopo. Mungu aliyeahidi katika Yakobo 1:5 kumpa hekima mtu aombaye, bila kukemea, hakuweka bei.

Woga unao, umeutaja kwa mstari mmoja. Hata mimi ninao mpaka leo lile geti likifungwa nyuma yangu. Huwa hauondoki, unazoeleka.

Mama ndiye mgumu kuliko wote, na hapa majibu ya juu yamenihuzunisha kidogo. Wawili wamekuandikia Luka 14, kwamba asiyemchukia baba na mama hawezi kuwa mwanafunzi. Maneno ya Yesu, ndiyo. Lakini ni Yesu huyohuyo, Marko 7, aliyewakemea watu waliosema mali yangu ni Korbani, nimeitoa kwa Mungu, kwa hiyo wewe mama sina cha kukusaidia nacho. Aliona dini inatumika kukwepa wazazi akaiita kwa jina lake. Hayo mawili yanakaa pamoja, na kazi yako ni kujua mama anakataa nini hasa. Umeshamuuliza? Simaanishi kumwomba ruhusa, namaanisha kumuuliza anaogopa nini. Mama wa Likoni ambaye kijana wake mmoja ndiye anayeleta unga hapingi Injili. Anajiuliza nani atamlipia kodi Februari, na akiugua usiku nani atamtafutia tuktuk. Kama una dada au kaka, kaeni wote na yeye akiwepo, kila mmoja aseme atatoa nini kila mwezi. Lipa bima yake ya afya kabla hujaondoka. Kama baada ya hayo yote bado anasema hapana kwa sababu tu anataka ubaki karibu, hapo Luka 14 itakuwa na kazi, na utaondoka ukilia naye, lakini utaondoka.

Na kwa kuwa umetaja Marsabit, kuna jambo unapaswa kulijua. Waborana, mojawapo ya makabila utakayoyakuta huko, ni tawi la Waoromo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa zamani, alikuwa na hamu hiyohiyo. Alianzia Ethiopia akitaka kuwafikia Waoromo, njia ikafungwa, akazunguka kwa bahari akatua Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosina akafa hapa, na mtoto wao mchanga. Kaburi lipo upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Kama vikwazo ndiyo jibu, lile lilikuwa jibu tosha, apande jahazi arudi. Hakurudi. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda Rabai na kuweka kituo.

Lakini wahubiri wetu wakisimulia habari hii huishia hapo, kwenye ushindi. Ukweli ni kwamba kule kwa Waoromo alikodhani ametumwa, kazi aliyoiota hakuifanya kamwe. Miaka yake ilikwenda kwenye Kiswahili, kwenye kutafsiri, kwenye msamiati ambao kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshakufa mwaka mmoja kabla. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Sikuandikii haya kukutisha wala kukutia moyo. Nakuandikia ili usiende na picha iliyokamilika kichwani, ukafika Marsabit ukaambiwa kazi iliyopo ni kuchota maji na kuandika majina ya watoto kwenye rejista, ukadhani umepotea njia.

Swali lako la mwisho, uage kazini kabla ya Desemba au baada. Baada. Msimu wa Desemba ndio hoteli za Diani hujaa, mshahara utakuwa kamili na bahshishi zitakuwepo, na shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo hakuna mtoto wa Marsabit atakayekosa somo kwa wewe kungoja. Waandikie wale wamisionari wiki hii uwaambie utakuja Januari, uwaeleze na deni limebaki kiasi gani. Uone watakujibu vipi. Wakikwambia deni si neno, wewe njoo tu, rudi hapa utuambie, maana hapo nitakuwa na maswali kuwahusu wao.