Maswali yenu kuhusu Ostia, bandari ya Roma

Tangu nigusie Ostia, mji wa bandari wa Warumi wa kale, maswali yamekuwa mengi. Leo nayajibu manne.

Bandari gani hiyo iliyo kilomita tatu kutoka baharini? (Tanga)

Enzi hizo ilikuwa ufukweni, mto Tiber unapoingia baharini. Mto uliendelea kushusha tope na mchanga, bahari ikarudi nyuma. Mafuriko ya mwaka 1557 yakamalizia: mto wenyewe ukahama njia, ukaupa mji kisogo.

Meli kubwa ziliingiaje mtoni? (Dodoma)

Kwa taabu. Nyingi zilitia nanga nje, mashua zikafuata shehena. Ndiyo maana mwaka 42 BK Kaisari Claudius alianza kujenga bandari mpya, Portus, kaskazini kidogo. Nayo haikuwa salama: mwaka 62 dhoruba iliangamiza meli zipatazo 200 zikiwa humo humo ndani. Baadaye Kaisari Trajan akachimba bwawa la pembe sita, na hadi leo lina maji.

Nikienda nianzie wapi? Na je, meli zao zilifika kwetu? (Mombasa)

Anza na uwanja wa wafanyabiashara, nyuma ya ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ni vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa safu, mbele ya kila kimoja sakafu ina picha ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Hizo ndizo zilikuwa vibao vya biashara, ila vya kukanyagwa. Watu wa Sabratha, Libya ya leo, waliweka tembo. Kwingine kuna kuli, mtungi begani, anavuka kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Ukimtazama utadhani umemwona jana bandarini. Kisha kaone choo cha umma: tundu kwa tundu kwenye marumaru, ubavu kwa ubavu, hakuna hata pazia. Hapo mimi ningeshindwa.

Kuhusu kwetu, meli za Ostia zenyewe hapana. Pembe za ndovu za pwani hii zilipanda Bahari ya Shamu, zikavuka jangwa la Misri kwa ngamia, zikashuka mto Nile hadi Alexandria. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki, unaitaja Rhapta kuwa soko letu. Ilikuwa wapi hasa? Wataalamu bado wanabishana.

Nani aliufukua mji huo? (Bujumbura)

Wengi, ila sehemu kubwa ilifukuliwa mbio mbio kati ya 1938 na 1942, Mussolini, dikteta wa Italia, akitaka mji wa kuwaonyesha wageni wa maonyesho ya dunia. Katika haraka hiyo tabaka za juu, zenye habari za karne za mwisho za mji, zilizolewa kama kifusi. Maonyesho yenyewe hayakufanyika. Vita vilikuwa vimeshaingia.