Mtungi wa miezi miwili unaisha kwa mwezi: nani anaila gesi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto watatu, tunaishi Kigamboni. Mtungi wetu wa kilo 15 ulikuwa unakaa karibu miezi miwili. Tangu Machi hauvuki mwezi. Familia ni ile ile, jiko ni lile lile la pleti mbili. Nimehama duka mara mbili, mambo ni yale yale. Mke wangu anasema wauzaji wanapunja. Mimi, nisikufiche, namshuku msichana wa kazi kwamba anapikia na majirani. Halafu gesi si yetu, ya Mtwara? Mbona ghali hivi? Mkaa tuliuacha Februari ili kubana matumizi, sasa naona ndiyo tunaumia zaidi.
Baba wa watatu, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo msichana mwache kwanza apumzike. Nimeuza gesi Tandika miaka tisa, na malalamiko haya nimeyasikia dirishani pangu mpaka nikawa najua mteja atasema nini kabla hajatua mtungi chini.

Tuanze na mizani, ndiyo inayomaliza ubishi. Angalia shingoni mwa mtungi, kwenye kile chuma kinachozunguka valvu. Kuna namba imegongwa au imeandikwa kwa rangi: huo ni uzito wa mtungi mtupu. Mitungi haifanani, ndiyo maana ule uliorudisha jana si kipimo cha huu uliopewa leo. Chukua namba hiyo, jumlisha 15. Mtungi ulioandikwa 16.2 usome 31.2 kwenye mizani. Muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani na akupimie kabla hujalipa. Akianza kukupa hadithi za mizani mbovu, beba mtungi wako mtupu uende kwingine.

Kupunja kupo, sitakudanganya. Kuna mama alinirudishia mtungi amefura kwa hasira. Tukapima mbele yake: pungufu karibu kilo mbili, na lakiri tuliikuta nzima. Ulikuja hivyo hivyo na gari. Nilimbadilishia, na tangu siku hiyo hakuna mtungi ulioshushwa kwangu bila kupanda mizani.

Lakini wewe umepita maduka matatu. Yote yakupunje nusu mtungi, kila mwezi? Kilo saba zikikosekana hata mkono ungekwambia wakati wa kuubeba.

Sasa tupige hesabu. Kilo moja ya gesi, ukiigeuza kuwa umeme, ni kama uniti 13 za LUKU. Pleti kubwa ya jiko la kawaida ukiifungulia hadi mwisho inakula uniti 3 hivi kwa saa, yaani gramu 230. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 una saa kama 65 za moto mkali. Ukiwasha saa moja kwa siku, unafika miezi miwili. Ukiwasha saa mbili, ni mwezi na siku mbili tatu. Umeona?

Saa iliyoongezeka umeitaja mwenyewe mwishoni mwa barua, kwa kupitia tu. Mkaa! Maharage yalikuwa yakichemkia wapi? Makande je? Maji ya kuoga ya watoto? Kazi zote hizo zimehamia kwenye mtungi, na wewe bado unaudai miezi miwili. Visado vya mkaa hukuwa ukiviona kwa sababu vilitoka kwenye hela ya matumizi aliyokuwa nayo mama watoto. Mtungi unaulipa wewe kwa mkupuo, ndiyo maana unauma. Mwulize walikuwa wakinunua visado vingapi kwa wiki, jumlisha ya mwezi, weka pembeni ya bei ya gesi. Huenda huumii kama unavyodhani.

Hayo maji ya kuoga peke yake: sufuria la lita 10 kila siku linaondoka na kilo mbili hivi kwa mwezi. Dar hii, na joto lake! Ndoo ikikaa juani tangu saa sita mchana, jioni watoto wanaoga vizuri tu. Maharage yalale kwenye maji usiku kucha, yafunikwe yakipikwa, na yakishachemka moto ushushwe. Maji yanayochemka hayazidi kuwa ya moto hata ukifungulia pleti mpaka mwisho. Unapandisha mvuke darini tu. Hapa ndipo jikoni kwingi gesi inapopotea, kwangu pia nilipokuwa na haraka.

Masufuria yakianza kuwa meusi chini na moto ukawa wa njano, safisha vitundu vya pleti. Kwenye mpira na regulata paka povu la sabuni; likitoa mapovu, gesi inavuja. Kiberiti usikisogeze hapo kabisa.

Ya Mtwara si hii. Ile ya Mnazi Bay huko Mtwara, na ya Songo Songo huko Lindi, inapita kwenye bomba na nyingi inaenda kuzalisha umeme. Ya mtungini inakuja na meli kutoka nje na inanunuliwa kwa dola.

Ukienda kuchukua mtungi mwingine, niandikie namba mbili: ya shingoni na ya mizani.